Kaunta ya duka la mataifa mchanganyiko, Columbus Ohio: wateja, bidhaa na sheria zake

#1 Muha wa Kaunta

Wakuu, salaam kwenu.

Humu kila baada ya muda anaingia mtu anauliza: "Nataka kufungua duka la vyakula vya Kiafrika Marekani, nianzie wapi?" Anajibiwa fungua tu mkuu, Wabongo wamejaa huko. Jamani, Wabongo peke yao hawawezi kukulipia hata umeme wa friza. Nasimama kaunta ya duka la namna hiyo, naagiza mzigo na kupanga rafu, kwa hiyo nimeona nianzishe uzi tuongee kwa mifano.

Duka si langu. Mwenye mali ni mzee wa Kisomali, mimi mwajiriwa wake, Muha wa Kigoma. Tuko kaskazini mwa Columbus, maeneo ya Morse Road na Cleveland Avenue. Mtaa huu ulianza kujaa Wasomali miaka ya 1990 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka, na leo Columbus hutajwa ya pili kwa wingi wa Wasomali Marekani, nyuma ya Minneapolis. Kisha wakaja Wabhutan wa asili ya Kinepali, wale waliofukuzwa kwao Bhutan mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakaa kambini Nepal mpaka Marekani ilipoanza kuwapokea kwa wingi mwaka 2008. Wakafuata Wakongo, wengi wao wametokea Nyarugusu, pale pale kwetu Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996. Kuna Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kulelea watoto wao Tanzania. Kuna Waethiopia, Waeritrea, Waghana, Wamexico. Na kuna Wamarekani weusi waliokuwa wakiishi hapa kabla yetu wote, ambao watu wakihesabu "jamii za mtaa" huwasahau, wakati asubuhi ndio wa kwanza mlangoni.

Hoja yangu ni hii, na niko tayari kubishaniwa: duka la mtaa kama huu haliendeshwi na wingi wa bidhaa. Kila jamii ina vitu viwili au vitatu ambavyo haiwezi kuvikosa na supamaketi kubwa haina. Ukiwa navyo kila siku, bila kukatika, mteja atakuja, na akishafika atanunua pia mchele, mafuta, sukari na sabuni, vitu ambavyo angevipata popote. Vikikatika wiki mbili, ameshahamia duka la pili na amehama na shangazi zake wote.

Kwa Msomali ni nyama ya mbuzi iliyochinjwa kihalali na canjeero, ule mkate wao laini kama chapati ya maji, ya leo, siyo ya jana. Kwa Mnepali ni mafuta ya haradali na chiura, ule mchele uliopondwa ukawa bapa. Kwa Mkongo na Mrundi ni sombe (kisamvu), mawese na unga wa muhogo. Kwa Muethiopia ni injera, mkate wao bapa, na viungo vya berbere. Mmarekani mweusi wa jirani yeye mara nyingi anataka mkate, mayai, maziwa na mabawa ya kuku, na anataka usimwangalie kana kwamba amepotea njia.

Karibuni maswali. Nitajibu nikitoka zamu.

#2 Shangazi Tandika

Naweka kambi hapa. Hii ndiyo mada ya maana, siyo zile za kila siku.

#3 Duka Mbagala

Mkuu, mimi nina duka Mbagala Rangi Tatu, kwa hiyo lugha yako naielewa. Swali langu la kwanza ni la pesa: faida iko kwenye nini hasa? La pili, umesema mbuzi. Wasomali Waislamu, Wanepali wengi Wahindu, Wakongo Wakristo. Bucha moja inawahudumiaje wote bila ugomvi?

#4 Muha wa Kaunta

Faida iko kwenye vikavu. Mchele wa gunia, unga, dengu, maharage, tambi, viungo, majani ya chai. Havikatai kukaa rafuni na havidai umeme. Mboga na matunda vinaingia ili duka liwe na uhai. Ukikokotoa kilichooza, unashukuru ukitoka sawa. Nyama iko katikati: faida yake kwa ratili ni ndogo, lakini ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwenye theluji. Wasomali wananunua spageti kwa katoni, urithi wa Mtaliano, wanakula na ndizi mbivu pembeni. Spageti ile ile ipo kila duka mji mzima. Anainunua kwetu kwa sababu amekuja kuchukua nyama.

Sasa bucha. Mbuzi wengi tunaouza huja wameganda kwenye maboksi kutoka Australia, wana muhuri wa halali. Anayetaka nyama mbichi tunampa ya machinjio ya hapa hapa Ohio. Mteja anasema mguu, mbavu au mchanganyiko, mchinjaji anawasha msumeno wa umeme, ule wenye ukanda mrefu unaozunguka. Anamsukuma yule mbuzi aliyeganda taratibu, vinatoka vipande vya pembe nne, mifupa inakatika safi bila kupasuka vibanzi. Ukanda unatema unga mweupe wa mfupa na mafuta, unajikusanya pembeni ya meza kama machicha ya nazi. Akimaliza anachukua kikwangulio, anasafisha, anamwaga maji ya moto yenye dawa, ndipo anaita anayefuata.

Ule usafishaji ndio jibu la swali lako. Bibi wa Kinepali anasimama pale kwenye kioo na kuangalia. Ng'ombe kwake ni mwiko. Akiona msumeno umetoka kukata ng'ombe ukaingia kwenye mbuzi wake bila kuoshwa, hasemi neno, anaondoka na harudi. Mzee wangu alilimaliza kwa kununua msumeno wa pili: mmoja ng'ombe, mmoja mbuzi na kondoo, na kila mmoja una visu vyake na mbao zake. Wapo waliomwambia ni gharama za bure. Mwezi wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wanepali inayoangukia Septemba au Oktoba, foleni ya mbuzi inafika mlangoni.

Tofauti nyingine ni ngozi. Msomali anataka mbuzi aliyechunwa. Mnepali na Mghana wengi wanataka mwenye ngozi iliyobabuliwa manyoya. Mnyama mmoja, oda mbili tofauti kwa msambazaji.

Nguruwe hatuuzi, pombe hatuuzi. Wakongo na baadhi ya Wabhutan wanampenda sana nguruwe, na wanajua kwa kwenda kumtafuta. Hilo halijawahi kuleta ugomvi. Kinacholeta ugomvi ni mtu kuhisi umemchanganyia.

#5 Duka Mbagala

Msumeno wa pili. Hapo nimekuelewa kabisa, mkuu. Huku kwetu kuna wateja wa mafuta ya taa na mchele kwenye duka moja, na mama akiona funeli imewekwa karibu na gunia anaenda kwa Mpemba.

#6 Nyakwar Minnesota

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota. Huku maduka ya Wasomali ni mengi hata Mkenya hafungui lake, tunanunua kwao. Shida yangu ni unga. Unga ya ugali ya nyumbani inapatikana lakini bei yake ni ya kulilia. Nikinunua ile ya supamaketi ugali inakataa, inakuwa kama uji umeganda. Ninyi mnauza gani? Na omena mnatoa wapi?

#7 Muha wa Kaunta

Ndugu yangu, ungeuliza lingine lolote ningejibu kwa mstari mmoja. Unga ndiyo mada inayochukua muda mrefu kuliko zote pale kaunta.

Unga wa mahindi wa kawaida wa Marekani ni wa njano, mara nyingi umetolewa kiini, na umesagwa chengachenga kwa ajili ya mikate yao ya mahindi. Hauna shida, ila siyo wa kazi unayoitaka wewe. Ukitaka mweupe, soma mfuko vizuri kabla hujaufungua. Maseca wa Wamexico ni mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Ni wa tortilla, una harufu yake, na ukiusonga unakutegea. P.A.N. wa Venezuela ni mweupe na laini, lakini umeshapikwa kiwandani, kwa hiyo ukiurusha kwenye maji yanayochemka unakuwa mabonge papo hapo. Wanaouzoea huanza nao kwenye maji ya uvuguvugu. Unaotafuta wewe ni mahindi meupe yaliyosagwa tu, basi, bila kuchemshwa wala kutiwa chokaa. Upo, ila unakaa rafu ya chini kabisa na mfuko wake hauna mapambo.

Lakini ngoja nikuambie kinachonishangaza hata mimi. Wakongo na Warundi wengi hapa wameacha kuhangaika na sembe. Wanasonga semolina ya ngano. Ni rahisi, inapatikana kwenye mfuko mkubwa, inashika vizuri, na wanaichanganya na unga wa muhogo kwa kadiri ya mkono wa mpishi. Watoto waliozaliwa huku wanaijua hiyo kuwa ndiyo bugali. Mzee wangu alikuwa anaagiza semolina kidogo kwa ajili ya Waarabu na Wanigeria. Siku hizi gari la mzigo likija tunaipanga karibu na kaunta, kwa sababu kuibeba kutoka nyuma kunavunja mgongo.

Omena yenu, dagaa yetu, ndagala ya Warundi: zote tunaweka sehemu moja. Na pembeni yake tunaweka sidra, samaki wadogo wakavu wa Kinepali. Mwanzoni zilikuwa kwenye rafu mbili, moja imeandikwa Afrika na nyingine Asia. Mzee akaona Wanepali wanavuka kwenda kununua dagaa, na mama wa Kirundi anafungua kidogo pakiti ya sidra kunusa. Akaziweka pamoja. Nadhani kupanga rafu kwa mabara ni kosa la watu wanaolijua duka kwa kalamu tu. Panga kwa chungu: samaki wakavu na samaki wakavu, unga na unga, dengu na maharage. Mpishi hafikirii ramani.

#8 Mwana Fizi

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mubembe wa Fizi, Kongo, nililelewa Nyarugusu, sasa niko Louisville, Kentucky. Nafurahi kuona mtu wa Kasulu anaongea mambo yetu. Huku sombe tunapata ya kuganda, lengalenga (mchicha) tunalima wenyewe, makayabu, samaki wa chumvi, iko. Lakini kambale ya kukausha hakuna. Tunauliza kila duka wanasema imekatazwa. Juu ya nini? Samaki wengine wakavu wanaingia, kambale alikosa nini?

#9 Muha wa Kaunta

Karibu sana, ndugu. Kasulu hiyo hiyo, tumekunywa maji mamoja.

Kambale hana kosa, alikamatwa na sheria ya wakubwa. Marekani wana wafugaji wao wa kambale, hasa majimbo ya kusini, Mississippi na Alabama. Bunge likahamisha ukaguzi wa ukoo mzima wa kambale kutoka mamlaka ya chakula na dawa, FDA, kwenda wizara ya kilimo, kwenye idara ile ile inayokagua nyama ya ng'ombe. Ukaguzi huo ulianza 2016. Matokeo yake, kambale sasa anahesabiwa kama nyama: haingii kutoka nchi yoyote mpaka mfumo wa ukaguzi wa nchi hiyo uwe umekubaliwa kuwa sawa na wao. Zilizokubaliwa ni za Asia, yaani China, Thailand na Vietnam. Afrika hakuna hata moja. Kwa hiyo kambale mkavu wa Tanganyika, wa Victoria au wa Nigeria akionekana rafuni, amepita mlango wa nyuma. Wakaguzi wakimkuta anatolewa, tangazo linawekwa hadharani, na duka linatajwa.

Wengine waliobaki chini ya FDA wana masharti yao. Samaki mkavu asiyetumbuliwa haruhusiwi, kwa kuogopa sumu ya botulizimu, isipokuwa wale wadogo wasiofika inchi 5, kama sentimita 13. Ndiyo maana dagaa anapita na mkubwa anakwama. Makayabu anapita kwa sababu ametumbuliwa na kujazwa chumvi.

Ukimtaka kambale, nunua mbichi wa kufugwa hapa, mkaushe mwenyewe nyuma ya nyumba. Najua siyo yule wa ziwani.

Na lengalenga mnayolima, je, mnawauzia maduka? Hapa Columbus kuna akina mama wanatuletea kuanzia Juni mpaka baridi ianze: lengalenga, matembele, majani ya maboga, ngogwe. Ngogwe hiyo, yaani nyanya chungu, supamaketi hawaijui kabisa. Ikifika, sanduku halimalizi saa moja.

#10 Mwana Fizi

Asante kwa maelezo, sasa nimeelewa. Ndiyo, tunauzia duka moja la Muethiopia, na kanisani. Mbegu tunabadilishana.

#11 Kiboko ya Porojo

Hizi hadithi tamu, lakini tuseme ukweli. Maduka haya yanaishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Bila zile kadi mngefunga kesho. Biashara gani hiyo ya kujisifia?

#12 Muha wa Kaunta

Sijajisifia, nimeeleza. Ila umegusa jambo lenyewe, kwa hiyo nijibu kwa kirefu.

Kadi ya EBT, inayobeba ule msaada wa chakula uitwao SNAP, ni sehemu kubwa ya mauzo ya duka lolote la vyakula kwenye mtaa wa kipato cha chini huku, liwe la Msomali, la Mkorea au la Mmarekani. Hata zile supamaketi kubwa kabisa zinaipokea. Mtu anayeikebehi aje asimame kaunta aone nani anaitumia: mama anayefanya zamu ya usiku ghala la vifurushi, mzee aliyeumia mgongo kiwanda cha nyama, msichana mwenye watoto wachanga wawili.

Kuomba kibali cha kuipokea ni bure, maombi yanapelekwa wizara ya kilimo. Lakini wanataka uwe duka la chakula kweli. Njia moja ni kuwa na aina kadhaa za bidhaa kwenye makundi manne muda wote: nyama au samaki, mkate na nafaka, mboga na matunda, maziwa na vitokanavyo. Njia nyingine ni zaidi ya nusu ya mauzo yako yote kuwa chakula cha msingi.

Ukishakipata, masharti yake ni makali. Chakula cha moto hakilipiwi na EBT. Sambusa ikitoka kwenye mafuta na kuwekwa kwenye kabati lenye taa ya joto, ni pesa taslimu. Sambusa hizo hizo zikiwa zimeganda kwenye pakiti, kadi inalipa. Mteja mgeni anaona ni uonevu, na mimi ndiye wa kumweleza, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisomali changu cha kubabaisha. Mafuta ya haradali ya Wanepali yana kisa chake: FDA hairuhusu mafuta hayo ya kawaida kuwa chakula kwa sababu ya asidi iitwayo eruki, kwa hiyo chupa inaandikwa kwamba ni ya kupaka mwilini tu. Kila Mnepali anajua anakwenda kupikia nini. Lakini lebo inasema si chakula, basi kadi hailipi. Mbegu za mboga, kinyume chake, zinalipiwa, pamoja na miche. Mama anaweza kununua mbegu za mchicha kwa EBT akapanda. Watu wengi hawalijui hilo.

Kubadilisha kadi kwa pesa taslimu, hata kwa rafiki, hata dola kumi, ni kufungiwa moja kwa moja. Siyo kuonywa.

Na sasa twende kwenye hofu. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka wapate Green Card. Mkimbizi haruhusiwi hata kuiomba kabla hajamaliza mwaka mmoja nchini, na baada ya kuomba anasubiri. Yaani ule mwaka wa kwanza, wakati mtu hana gari, hana lugha wala kazi ya maana, ndio usio na kadi. Hapo Novemba 2025, serikali kuu ilipokuwa imefungwa kwa mvutano wa bajeti, malipo yalichelewa hata kwa raia wenyewe. Wiki ile watu walinunua chumvi, vitunguu na unga. Mbuzi walilala kwenye friza.

Kwa hiyo ndiyo, Kiboko, kadi ikitikisika nasi tunatikisika. Sioni aibu iko wapi.

#13 Kiboko ya Porojo

Nimekusoma. Hilo la mbegu sikulijua.

#14 Shangazi Tandika

Kaka, samahani, nauliza la kike. Daftari la mkopo lipo? Maana huku Tandika duka bila daftari halina wateja. Na mnaelewana vipi lugha zote hizo?

#15 Muha wa Kaunta

Shangazi, shikamoo kwanza.

Daftari lipo, ila dogo, na mzee analiweka mwenyewe, siyo mimi. Sababu ni ile ile EBT: hairuhusiwi mtu achukue chakula kwa deni halafu alipe deni kwa kadi. Kadi inalipia kilichopo kaunta sasa hivi, basi. Kwa hiyo wa kukopeshwa ni yule anayelipa kwa mshahara, na mzee anamjua mpaka ukoo. Hapo Tandika mambo ni mepesi, mwisho wa mwezi mnamalizana.

Kuna kitu kinakaribia kukopesha lakini si mkopo. Mwisho wa mwezi, kadi zikiwa zimekauka, mzee anashusha bei ya vitu vinavyokaribia tarehe yake na kuviweka meza ya mlangoni. Hapo kila mtu anachukua bila kujieleza. Jimbo letu linatoa msaada kwa zamu, siku tofauti ndani ya tarehe 20 za mwanzo wa mwezi kufuatana na namba ya faili la mtu, kwa hiyo oda zetu kubwa huingia siku chache za mwisho wa mwezi. Keshia mpya huwa anashangaa kwa nini tunajaza stoo wakati duka tupu.

Lugha. Kiswahili kinabeba zaidi ya nilivyotarajia: Wakongo, Warundi, Wabantu wa Kisomali, Wasomali waliokulia kambi ya Dadaab au mtaa wa Eastleigh kule Kenya, na Wakenya bila shaka. Warundi wazee nawasalimia kwa Kiha, wananijibu kwa Kirundi, tunaelewana. Juzi bibi mmoja wa Kirundi alishika ngogwe, na bibi wa Kinepali kashika ile ile upande wa pili wa sanduku. Hakuna anayejua hata salamu ya mwenzake. Yule Mrundi akaonyesha kidole kwenye tumbo la ngogwe, akaibonyeza, akatikisa kichwa: imekomaa sana, chungu. Akachagua nyingine ndogo, ya kijani, akampa. Mnepali akanusa, akaitia kwenye mfuko, kisha akamvuta mwenzie mkono mpaka kwenye pilipili, naye akamchagulia. Mimi nilikuwa nataka kuziba njia ile nipitishe kitoroli cha maziwa, nikasubiri.

Bei wanaulizia kwa vidole, na wengine wanapiga picha lebo wakatume kwa mtoto aliyeko shule. Matangazo ya ukutani tumeandika lugha nne, lakini nadhani hakuna anayeyasoma. Picha ya mbuzi inatosha.

#16 Shangazi Tandika

Marahaba, mwanangu. Hao mabibi wangepewa duka waliendeshe wao.

#17 Nyakwar Minnesota

Swali dogo la ndizi. Matoke mnatoa wapi? Zile za kijani za huku zikipikwa zinakuwa maji.

#18 Muha wa Kaunta

Kwa sababu siyo za kupika. Ni ndizi zile zile za kula, Cavendish, zinasafirishwa mbichi kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, na kwa kawaida huivishwa kwa gesi ya ethilini kwenye ghala kabla ya kwenda dukani. Sisi tunamwambia msambazaji atupe boksi kabla ya gesi. Zinafaa kuchemsha na nyama ukiziwahi, lakini usitegemee ladha ya Bukoba wala Kisii. Mzuzu ndio afadhali kwa kukaanga, na huo umejaa maduka ya Walatino.

#19 Duka Mbagala

Mkuu, la mwisho. Mdogo wangu yuko Dayton, Ohio, kapata chumba kidogo cha biashara. Mtaji mdogo. Aanze na nini?

#20 Muha wa Kaunta

Kabla ya chochote akae mtaani pale ahesabu nani anapita, wakati gani, na anatoka na mifuko ya duka lipi. Asihesabu Watanzania.

Halafu friza. Anunue iliyotumika lakini ya biashara, siyo ya nyumbani, kwa sababu ya nyumbani itakufa kiangazi cha kwanza. Friza moja ya sombe, samaki na canjeero inaweza kumwendesha. Nyama aiache mpaka awe na mtu anayeijua bucha, kwa kuwa leseni, ukaguzi na bima ya msumeno ni mzigo mwingine.

Mzani usiwe wa mtandaoni wa bei ya chee. Ohio mizani ya biashara inakaguliwa na ofisi ya Auditor (mkaguzi wa hesabu) wa kaunti, wanabandika stika yao, na wateja wazee wanaitafuta hiyo stika kwa macho kabla hawajaweka nyanya juu yake.

Kibali cha EBT aombe mapema, maana kinachukua muda na bila hicho miezi ya kwanza ni mirefu. Mchele asiagize aina sita. Basmati mmoja mzuri kwa Wasomali na Wanepali, na mmoja wa bei nafuu. Unga wa muhogo, semolina, mawese, dagaa, maharage ya njano. Dengu za rangi mbili tatu. Majani ya chai, tangawizi, iliki. Kuku mgumu wa kuchemsha kwa saa nyingi, yule wanayemwita kuku wa mayai aliyestaafu, anauzika kwa Waafrika wote bila ubaguzi, na supamaketi hawana.

Kama karibu yake kuna duka la Mnepali au la Mmexico, asishindane nalo. Akajitambulishe, wauliziane bei za msambazaji. Sisi gari letu la vitunguu linashusha mzigo wa maduka mawili, letu na la jirani Mnepali, tunagawana nauli.

Mwambie anitumie PM akiwa tayari, nitampa njia ya kuwapata wasambazaji wa jumla wa Columbus, siyo mbali na Dayton. Mimi naingia zamu, gari la mzigo limeshafika nyuma.